Wali na kuku wa kuoka: Siri ni maji, mfuniko na joto

JIONI ya siku ya kazi ndiyo saa ngumu kuliko zote katika jikoni nyingi za mijini. Mpishi wa nyumba amerejea akiwa amechoka, watoto wana njaa, na wali kwa kuku, chakula ambacho hakuna mtoto anayekikataa, hudai sufuria mbili au tatu, majiko mawili na mtu wa kusimama karibu akigeuza na kupunguza moto. Upishi wa kuoka wali na kuku kwa pamoja katika trei moja huondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Trei ikishafunikwa na kuingizwa katika oveni, mpishi hana la kufanya kwa zaidi ya nusu saa, na chombo cha kuosha baadaye ni kimoja.

Hata hivyo, urahisi huo una masharti yake. Malalamiko ya wanaojaribu upishi huu kwa mara ya kwanza ni mawili. Kwanza, wali hutoka ukiwa na viini vigumu juu na uji chini. Pili, kuku hupendeza ngozi ilhali nyama iliyoshikana na mfupa bado ni mbichi. Kasoro ya kwanza ni hasara ya chakula. Ya pili inaweza kuipeleka familia nzima hospitali. Zote mbili huwa zimekwisha kuamuliwa kabla mlango wa oveni haujafungwa, kwa kiasi cha maji, namna ya kufunika na joto la vitu vilivyotiwa ndani ya trei.

Mlo uliotoka mbali

Kupika nyama na nafaka katika chombo kimoja si jambo geni popote duniani, na watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wanaojua pilau na biriani hawahitaji kufundishwa hilo. Lakini mtindo wa kutia mchele mbichi na kuku mbichi katika trei, kufunika na kuviacha viive vyenyewe, ulienea zaidi Marekani katika karne ya 20, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huko uliendana na vyakula vya kopo. Kampuni ya Campbell ilianza kuuza supu nzito ya uyoga ya kopo mwaka 1934, na supu hiyo ikawa ndiyo mchuzi wa milo mingi ya kuoka katika nyumba za kawaida.

Mpishi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hana haja ya kopo hilo. Kazi yake, ambayo ni kuupa wali maji, mafuta na ladha kwa wakati mmoja, hufanywa vizuri na tui la nazi likichanganywa na supu ya kuku. Kwa wasiotumia nazi, supu peke yake inatosha.

Kwa nini wali hugoma katika oveni

Punje ya mchele haiivi kwa joto pekee. Wanga uliomo ndani yake hulainika pale unaponyonya maji yenye joto la kutosha, takriban nyuzi 65 hadi 78 za Selsiasi kulingana na aina ya mchele. Juu ya jiko, moto hugusa sufuria moja kwa moja na maji huchemka katika dakika chache. Ndani ya oveni, joto hupitia hewani, na hewa ni msafirishaji mzembe wa joto. Trei iliyotiwa maji baridi inaweza kukaa nusu saa ndani ya oveni yenye nyuzi 180 kabla maji yake hayajachemka. Katika muda huo mchele hulowa bila kuiva, na hatimaye punje za chini huvurugika huku za juu zikikauka.

Kwa sababu hiyo, maji, tui au supu inayotiwa katika trei sharti iwe inachemka. Huo ndio uamuzi mmoja unaotenganisha trei iliyofanikiwa na iliyoharibika.

Jambo la pili ni mfuniko. Kipimo cha maji hufanywa kwa kutarajia kwamba karibu yote yataishia ndani ya punje. Mvuke ukipata mwanya wa kutoka, maji hupungua na tabaka la juu la wali hubaki gumu hata kama dakika zilizopangwa zimekamilika. Karatasi ya aluminiamu inapaswa kubanwa pande zote nne za trei, na ikiwa ni nyembamba, ziwekwe mbili. Kufungua kila mara ili kuchungulia ni kuuruhusu mvuke huo utoke.

Jambo la tatu ni kulinganisha muda wa kuku na muda wa wali. Mchele mweupe huhitaji dakika 25 hadi 35 katika trei iliyofunikwa, ilhali paja la kuku lenye mfupa huhitaji dakika 45 hadi 55. Ndiyo maana trei hufunikwa katika sehemu ya kwanza ya kuoka, wali unapohitaji mvuke, kisha hufunuliwa ili kuku amalizie kuiva na ngozi yake ipate rangi. Mapaja yanafaa zaidi ya kidari, kwa kuwa nyama ya kidari ina mafuta kidogo na hukauka kabla muda huo haujaisha.

Mahitaji kwa watu sita

- Mapaja 6 ya kuku wa kisasa, yenye ngozi na mfupa, takriban kilo moja na robo
- Mchele mweupe, vikombe 2
- Tui la nazi, kikombe 1 na nusu
- Supu ya kuku au maji, vikombe 2
- Vitunguu maji 2 vikubwa, vilivyokatwa vyembamba
- Vitunguu saumu punje 5 na tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole gumba, vilivyotwangwa pamoja
- Karoti 2 na pilipili hoho 1, zilizokatwa vipande vidogo
- Bizari nyembamba, kijiko 1 cha chai
- Bizari ya manjano, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga ya unga, nusu kijiko cha chai
- Chumvi, vijiko 2 vya chai. Ipunguzwe ikiwa supu imetengenezwa kwa vidonge, ambavyo tayari vina chumvi
- Maji ya ndimu 1
- Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya chakula

Trei inayofaa ni ya upana wa sentimita 23 na urefu wa sentimita 33, yenye kina kisichopungua sentimita 5. Trei pana kupita kiasi hutandaza maji yakawa membamba, na nyembamba kupita kiasi huurundika mchele ukaiva bila kulingana.

Namna ya kupika

Oveni iwashwe mapema hadi nyuzi 180. Zenye feni ya kusambaza joto zitiwe nyuzi 160, na za gesi zenye tarakimu ziwekwe namba 4. Wakati inapata moto, mapaja yakaushwe kwa karatasi safi ya jikoni na kupakwa ndimu, pilipili manga, bizari ya manjano, nusu ya kitunguu saumu na tangawizi, na robo ya chumvi.

Vitunguu maji, mafuta na sehemu iliyobaki ya kitunguu saumu na tangawizi vitandazwe katika trei na kuingizwa katika oveni kwa dakika 15, vikigeuzwa mara moja. Hatua hii haipaswi kurukwa. Vitunguu vibichi vilivyofukiwa chini ya mchele huchemka tu, wala haviwi na ule utamu na rangi vinavyoupa wali ladha. Trei ya chuma au aluminiamu ndiyo salama kwa kazi hii. Trei ya kioo iliyotoka motoni inaweza kupasuka ikikutana na mchele uliooshwa kwa maji baridi, hivyo mwenye trei ya kioo akaange vitunguu kando.

Mchele uoshwe mara tatu au nne hadi maji yakaribie kuwa meupe, kisha uchujwe vizuri. Kuosha huondoa unga wa wanga ulio juu ya punje, ambao ndio unaozigandisha. Ikiwa mchele umelowekwa kwa nusu saa, kama wengi wafanyavyo kwa basmati, nusu kikombe cha maji kipunguzwe. Mchele mpya uliotoka shambani hivi karibuni nao hunywa maji machache kuliko wa zamani, jambo linalofahamika vyema kwa wanaonunua mchele wa Mbeya au pishori ya Mwea msimu wa mavuno. Mchele wa kahawia, ambao haujakobolewa hadi mwisho, haufai kwa vipimo hivi kwa kuwa huchelewa sana kuiva.

Tui, supu na chumvi iliyobaki vichemshwe pamoja katika sufuria ndogo, huku vikikorogwa ili tui lisikatike. Mchele, karoti, hoho na bizari nyembamba vichanganywe na vitunguu ndani ya trei na kusawazishwa. Mapaja yapangwe juu, ngozi ikitazama juu, bila kugusana. Kisha mchanganyiko unaochemka umiminwe taratibu kandokando ya kuku, usimwagwe juu ya ngozi. Punje zote zizame. Punje itakayobaki imelala juu ya paja haitaiva.

Trei ifunikwe barabara na kuokwa kwenye kitako cha katikati cha oveni kwa dakika 35. Baada ya hapo ifunuliwe na kuendelea kuokwa kwa dakika 20 hadi ngozi iwe ya kahawia. Ikitolewa, ifunikwe kwa kitambaa safi na kuachwa itulie kwa dakika 10. Mvuke uliobaki hukamilisha kazi na punje hujiachia. Ndipo wali hupekuliwa kwa uma kuanzia pembeni. Ukoko unaopatikana chini ya trei ni ishara kwamba maji yalitosha bila kuzidi, na aghalabu ndio unaogombewa mezani.

Kuku wa kienyeji ana utaratibu wake

Vipimo hivyo ni vya kuku wa kisasa, ambaye kwa kawaida huchinjwa akiwa na umri wa wiki tano au sita na nyama yake ni laini. Kuku wa kienyeji ameishi kwa miezi mingi akitembea na kuparua. Misuli yake imeshikana kwa nyuzi za kolajeni, ambazo huyeyuka polepole katika joto lenye unyevu. Akitiwa mbichi katika trei, wali utaiva na kupita kiasi kabla meno hayajaweza kumtafuna.

Suluhisho ni kumchemsha kwanza kwa saa moja au zaidi, hadi uma upenye pajani bila nguvu. Supu yake ipimwe hadi vikombe vitatu na nusu na kutumika badala ya maji na tui. Trei ifunikwe kwa dakika 35 zilezile, lakini baada ya kufunuliwa dakika 10 zitatosha, kwa kuwa kuku tayari ameiva na anachohitaji ni rangi tu. Wali unaopatikana kwa njia hii ndio wenye ladha nzito kuliko wote.

Nairobi si Dar es Salaam

Wapishi wa miji iliyo nyanda za juu hushangaa kuona vipimo vilivyofaulu Pwani vikiwaangusha. Sababu ni urefu kutoka usawa wa bahari. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Mbeya hali ni ya kukaribiana na hiyo. Kuongeza moto wa oveni hakusaidii sana, kwani maadamu maji yamo ndani ya trei, wali hauwezi kupata joto linalozidi lile la maji kuchemka. Kinachosaidia ni kuongeza robo kikombe cha maji na kuacha trei ikiwa imefunikwa kwa dakika tano hadi kumi zaidi.

Asiye na oveni

Nyumba nyingi hazina oveni, lakini ujuzi wa kuoka bila oveni upo Pwani tangu zamani: kupalia moto. Hutumika sufuria nzito na mfuniko bapa wa bati wenye kukaa sawasawa. Makaa machache huachwa chini, na mengi zaidi huwekwa juu ya mfuniko, ili joto lishuke juu ya kuku bila kuunguza wali. Kwa kuwa sufuria huwa na kina kuliko trei, ni vyema kupika nusu ya vipimo na kuizungusha sufuria kidogo kila baada ya dakika kumi. Muda ni dakika 45 hivi.

Kazi hiyo ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na ambayo huua watu katika vyumba vilivyofungwa.

Kuku ameiva lini?

Kuku mbichi anaweza kubeba bakteria wa salmonela na kampilobakta, wanaosababisha homa, kutapika na kuhara, hatari kubwa zaidi ikiwa kwa watoto wachanga, wajawazito na wazee. Joto huwaua. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, lilisisitiza chakula kipikwe hadi joto lifike nyuzi 70 ndani kabisa. Wizara ya Kilimo ya Marekani hutaka nyuzi 74 kwa kuku. Kipimajoto cha chakula kikichomekwa katika sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa ndicho kinachotoa jibu la hakika. Asiyekuwa nacho akate paja hadi mfupani: majimaji yawe meupe na nyama iachane na mfupa bila kuvutwa. Rangi peke yake si ushahidi. Ngozi inaweza kuwa ya kahawia kabla ndani hakujaiva, na mfupa wa kuku mchanga unaweza kubaki na wekundu hata nyama ikiwa imeiva.

Suala la kumwosha kuku huzua mabishano. Mwezi Juni 2014, Wakala wa Viwango vya Chakula wa Uingereza uliwataka wananchi waache kuosha kuku mbichi, kwa maelezo kwamba matone ya maji hurusha bakteria kwenye vyombo, nguo na vyakula vingine. Kwa anayenunua kuku aliyesafishwa na kufungashwa, ushauri huo ni rahisi kuufuata. Aliyenunua kuku aliyechinjwa mbele yake sokoni, akiwa bado na vinyoya na mabaki ya matumbo, hana budi kumsafisha. Anachoweza kufanya ni kumzamisha katika beseni badala ya kumwelekezea bomba linalotiririka kwa nguvu, kuosha beseni na sinki kwa sabuni mara moja, kunawa mikono, na kutotumia ubao huohuo kukatia kachumbari.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mlango wa oveni usifunguliwe, kwani joto lililomo huendelea kupika kwa muda. Usiporejea upesi, chakula kihamishiwe katika sufuria na kumaliziwa juu ya gesi au mkaa. Kuku aliyeiva nusu akaachwa vuguvugu kwa saa kadhaa ni wa kutupwa, kwani uvuguvugu huo ndio unaowapa bakteria nafasi ya kuzaana.

Kiporo cha asubuhi

Hatari nyingine huja baada ya mlo, na hii haimhusu kuku bali wali. Mchele mbichi hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo haziuawi na kuchemka. Wali ukiachwa katika joto la kawaida, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiharibiki kwa kupasha moto. Katika miaka ya 1970 nchini Uingereza, watu kadhaa waliugua baada ya kula wali wa kukaanga katika mikahawa, wali uliochemshwa mapema na kuachwa nje kwa saa nyingi kabla ya kukaangwa.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, sufuria ya wali hulala juu ya jiko hadi asubuhi, na kiporo huliwa kwa chai. Shirika la Afya Duniani linaelekeza chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kihifadhiwe katika joto lililo chini ya nyuzi 5. Wizara ya Kilimo ya Marekani huufupisha muda huo kuwa saa moja pale joto la hewa linapozidi nyuzi 32, hali ambayo wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa huijua vyema mchana wa mwezi Februari.

Kwa hiyo, mara watu wanapomaliza kula, wali na kuku vitolewe katika trei na kutandazwa katika vyombo vipana visivyo na kina, vipoe haraka na kuingia katika jokofu. Viliwe kesho yake, baada ya kupashwa moto mara moja tu hadi vitoe mvuke kila upande. Nyumba isiyo na jokofu ipike kiasi cha kuisha usiku huohuo. Mapaja matatu na kikombe kimoja cha mchele, kwa nusu ya maji na viungo vilivyotajwa, huwatosha watu watatu na kuacha trei tupu.